Gari Likila Mzinga: Mwongozo wa Fundi wa Jumamosi

Uingereza wapo watu wazima, wenye kazi nzuri na akili timamu, ambao hununua gari likiwa bado ndani ya maboksi. Huletewa fremu ya vyuma, mabati ya alumini, pua ya faibaglasi na mifuko ya bolti. Injini na giaboksi mara nyingi hung'olewa kwenye gari jingine lililozeeka, Ford au Mazda, ambalo bodi yake imekwisha kuliwa na kutu. Mwenye mali huviunganisha mwenyewe nyumbani, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko, na shughuli hiyo yaweza kula miaka. Likikamilika hulitoa nje, jirani akasimama kutazama, mke akapiga picha. Kisha, kwenye kona yenye majani yaliyoloa, hulipeleka lote kwenye mti.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, asubuhi ya siku ya pili, akiwa mzima wa mwili, amesimama mbele ya banda la gari na kikombe cha chai mkononi. Haukusudii kumsaidia kutengeneza gari. Unakusudia kumsaidia lionekane limetengenezwa, kazi iliyo nyepesi zaidi, na yenye sifa zilezile mbele ya wageni.

Basi, ndugu yangu, kabla hujashika spana, jifariji kwa historia. Babu wa ukoo huu ni Lotus Seven, gari lililotolewa na Colin Chapman mwaka 1957. Enzi hizo gari lililokamilika lilitozwa kodi ya manunuzi, lakini vipande vilivyouzwa vikaunganishwe nyumbani vilisamehewa. Husimuliwa kwamba masharti yalikataza kumpa mteja maelekezo ya kuunganisha. Chapman akamwekea maelekezo ya kufungua, na mteja akaambiwa ayasome kuanzia mwisho. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1973, VAT ikashika nafasi yake, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuendelea kulitengeneza gari hilo. Mwaka 1996 Ron Champion akatoa kitabu kilichowaahidi Waingereza kwamba wangeweza kujiundia gari la michezo la namna hiyo kwa pauni 250 tu, na mashine za kuchomelea zikaanza kuvuma kwenye mitaa iliyokuwa na utulivu.

Unaona basi kwamba hujaharibikiwa. Sehemu ya kufungua umeshafanyiwa na mti, tena kwa sekunde moja. Kilichobaki ni kusoma kuanzia mwisho.

Hatua ya kwanza: Tangaza hasara kabla hujaikagua

Usiinue gari. Usifungue tairi. Simama hatua tano nyuma, kunja mikono, kisha tamka kwa sauti itakayofika jikoni: "Ni faiba tu."

Kauli hii lazima itangulie ukaguzi, kwa sababu baada ya ukaguzi haitawezekana tena. Kwa mbali utaona mambo ya kawaida: pua imechanika, taa moja inaning'inia kwa waya, kifuniko cha tairi la mbele kimekatika, na gurudumu la kushoto limerudi nyuma kidogo. Hilo la mwisho lipuuze. Wenye shaka ndio husema kwamba gurudumu halirudi nyuma peke yake. Eti tairi likipigwa, pigo hupita kwenye mikono ya sasipensheni, likaingia kwenye mabano yanayoishikilia, likafika kwenye vyuma vya fremu. Eti fremu ya namna hii ni kimia cha vyuma vyembamba vinavyosukumana na kuvutana, hivyo kimoja kikigongwa huku, kingine chaweza kujikunja kule ambako hakuna aliyetazama. Wana hata tabia ya kupitisha tochi kwenye kila mshono wa kuchomelea, wakitafuta mahali rangi ilipopasuka au kubanduka, kwa kuwa chuma kikipinda, rangi ngumu iliyo juu yake haipindi nacho.

Ukiuona mpasuko wa namna hiyo, sema ni uzee.

Hatua ya pili: Karatasi

Bima ya Uingereza ina herufi. Tangu Oktoba 2017, gari ambalo kampuni ya bima imeamua kutolitengeneza, lakini bado linaweza kutengenezwa, hupewa S ikiwa mifupa yake imeumia, au N ikiwa kilichoumia si mifupa. Yenye A na B hayarudi barabarani kabisa. Herufi hiyo hulifuata gari maisha yake yote, kama vile jina la utani la shuleni linavyomfuata mtu hadi kwenye harusi ya mwanawe.

Wewe bila shaka unataka N. Lililo bora zaidi kwa mwenye haya ni kutokudai chochote: ulitengeneze kimyakimya kwa fedha zako, na herufi isizaliwe. Historia ya gari itabaki nyeupe, na siri itakuwa kati yako, mti na vyuma. Kumbuka hatua hii. Itakuja kukufaa mwishoni.

Hatua ya tatu: Andaa banda

Gari la aina ya Seven lina urefu wa mita tatu na kitu, upana wa kama mita moja na nusu, na uzito wake mara nyingi ni nusu tani tu au zaidi kidogo. Kwa hesabu hiyo linaingia kwenye banda lolote la Kiingereza. Kisichoingia ni wewe. Banda limeshajaa baiskeli za watoto waliokwisha oa, mashine ya kufulia inayosubiri kurekebishwa, mti wa plastiki wa Krismasi, na makopo ya rangi ya chumba ambacho kimeshapakwa rangi nyingine. Usitoe kitu. Sukuma vyote ukutani, ufanye kazi kwa ubavu.

Sakafu iache ilivyo. Mabanda mengi sakafu yake huteremka kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Fundi mwenye shaka huanza kwa kuinua gari juu ya stendi nne, kisha huchukua mpira mwembamba wa maji, uleule ambao mafundi ujenzi wetu hupimia usawa wa msingi, akasogeza vipande vya bati chini ya stendi hadi kona zote zilingane. Asubuhi nzima hupotea namna hiyo, na gari linakuwa bado halijapigwa hata nyundo moja. Ukipita ukamwona, mhurumie.

Hatua ya nne: Usipime

Huu ndio moyo wa mwongozo. Ukifuata hatua hii peke yake, nyingine zitajipa.

Nikueleze wanavyofanya wanaopima, ili ujue cha kuepuka. Huchukua timazi, wakaliteremsha kutoka sehemu ya fremu inayojulikana, mathalani tundu la bolti la mkono wa chini wa sasipensheni, upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Kila lilipogusa sakafu hutia alama ya chaki. Hufanya hivyo mbele, katikati na nyuma. Halafu huliondoa gari, au hutambaa chini yake, wakapima kwa tepu kutoka alama hadi alama: urefu wa kushoto na wa kulia, kisha mishazari, yaani kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kinyume chake. Mishazari miwili ikilingana, pande nazo zikilingana, fremu iko sawa kwa kuitazama kutoka juu. Ikipishana milimita mbili au tatu, wengi hupumua, kwa maana hata kiwandani vyuma hivi huchomelewa na binadamu. Ikipishana sentimita moja na nusu, huzima taa, wakaenda kulala mapema.

Unaona ubaya wa zana hiyo. Timazi ni risasi na uzi. Halina betri, halina kioo, halijui kwamba wewe ni mtu mwema na kwamba kona ile ilikuwa na majani. Huning'inia tu. Mwanamume aliyetumia miaka kuunda kitu kwa mikono yake hapaswi kuhukumiwa na uzi kwenye banda lake mwenyewe.

Tumia jicho. Funga moja, chuchumaa mbele ya gari, sema, "Limenyooka." Kama hukuridhika, funga lile jingine.

Hatua ya tano: Kunyoosha

Sasa kwa kuwa hujui kilichopinda ni nini, unaweza kuanza kukinyoosha.

Njia ya heshima ni mnyororo. Funga ncha moja kwenye fremu na nyingine kwenye mti, ikiwezekana uleule, kwa kuwa tayari mnafahamiana. Mwombe shemeji alete gari lake la kazi, alivute taratibu. Neno "taratibu" kila mtu hulielewa kwa namna yake, na shemeji hulielewa kwa namna yake zaidi. Chuma kitanyooka pale kilipopinda, na kupinda pale kilipokuwa kimenyooka, kwa hiyo jumla ya mapindo itabaki palepale.

Wenye shaka hawavuti. Fremu nyingi za magari haya hutumia vyuma vya pembe nne vyenye upana wa milimita 25 na unene wa kama milimita 1.6. Chuma chembamba hivyo kikishajikunja kimepoteza kazi yake, hata ukikinyoosha kikawa kizuri kama rula. Wao hukikata, wakaweka kipya cha kipimo kilekile. Lakini kabla ya kukata huifunga fremu nzima kwenye vyuma vizito au meza iliyonyooka, ili isisogee. Kisha huchoma vidoti vidogo, upande huu na upande ule, wakapima tena kabla ya kumalizia mshono, kwa kuwa chuma kilichochomelewa kikipoa husinyaa na kuvuta jirani zake.

Wewe anza na mshono mrefu upande mmoja, umalize wote kwa pumzi moja. Fremu itajivuta yenyewe mahali inapopataka.

Kuhusu mikono ya sasipensheni iliyopinda, mwongozo wa kawaida ungesema inunuliwe mipya, kwa sababu chuma kilichopashwa moto na kugongwa hakirudi na nguvu yake, na mkono huo ndio unaokuzuia usiache gurudumu lako kwenye mzunguko wa barabara. Lakini bei yake umeiona, na nyundo unayo.

Jambo moja tu fanya kama wanavyofanya waoga. Kabla ya kuchomelea, toa tangi la petroli lote, lipeleke mbali na banda, na ukate betri. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu kilichobaki ndani ni mvuke. Mwongozo huu unahitaji msomaji hai ili afike hatua ya rangi.

Hatua ya sita: Faiba

Hapa ndipo fundi wa Jumamosi huonekana fundi kweli, maana kila atakachofanya kitaonekana kwa macho.

Faibaglasi ni mkeka wa nyuzi za kioo uliolowekwa kwenye rezini. Rezini haigandi mpaka utie hadina, na kipimo cha hadina huwa kama asilimia moja au mbili ya uzito. Ukizidisha, mchanganyiko hupata moto ndani ya kikopo, ukaganda brashi ikiwa bado imesimama katikati. Ukizidisha sana hutoa moshi. Ukipunguza, au ukifanya kazi Januari kwenye banda lenye baridi ya friji, hubaki unanata hadi Pasaka. Hii ndiyo sababu wenye shaka hupima hadina kwa sindano ya plastiki, na kupasha banda joto. Wewe mimina kwa hisia.

Kipande kilichopasuka kwao hutengenezwa kutoka ndani. Husaga kingo za ufa zikawa mteremko mpana, ili mkeka mpya upate pa kushika. Nje huweka kitu cha kuegemeza umbo. Kisha hulaza tabaka moja baada ya jingine, wakilisugua kwa rola kutoa hewa, na mwishowe ndipo hugusa uso wa nje kwa puti kidogo. Pia husoma ile mipasuko midogo yenye umbo la nyota kwenye ngozi ya nje, kwa maana nyota ni mahali pigo lilipoingia, na nyuma yake huenda kuna bano lililosogea.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakukataza kuuziba kwa puti. Ijaze, isugue, ipake. Gari hili halina mablanketi ya kuzuia mtetemo, injini iko mbele tu ya miguu yako, kwa hiyo ufa utarudi mapema, mahali palepale, sasa ukiwa na umbo la kupendeza zaidi.

Kuna tatizo la rangi. Faiba nyingi za magari haya hazipakwi rangi. Rangi imo ndani ya ngozi yake, na jua huifubaza. Nyekundu hugeuka kuwa ya nyanya iliyosahaulika. Kiraka chako kitang'aa peke yake. Ushauri wangu ni mstari. Piga mstari mpana mweupe kuanzia puani hadi kwenye kioo, juu ya kiraka, na useme ni wa mashindano. Ukiona kwenye maegesho gari la namna hii lenye mistari mingi isiyolingana, mpe pole mwenyewe.

Vumbi la faiba huwasha kwa siku kadhaa. Isugulie faiba ndani ya nyumba, karibu na kochi, ili familia ishiriki.

Hatua ya saba: Stelingi

Ukishafunga kila kitu, utajaribu gari mtaani na kugundua kwamba linaenda moja kwa moja wakati usukani umekaa upande. Usishtuke. Usukani hukaa kwenye meno madogo. Fungua nati, uchomoe, uuzungushe meno mawili matatu, uurudishe. Sasa usukani umenyooka na gari limenyooka, na kilichopinda kimebaki chini ambako hakuna mgeni anayeinama.

Likiendelea kuvuta kushoto, kuna tairodi. Hizi zina uzi wa kurefusha na kufupisha ili magurudumu yaangalie mbele. Wenye shaka hufunga kamba ndefu pembezoni mwa gari, sambamba na mstari wake wa katikati, wakapima umbali kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma. Wakikuta tairodi ya kushoto imefunguliwa hadi uzi unakaribia kwisha, na ya kulia haijaguswa, hawafurahi kwamba magurudumu yamenyooka. Wanauliza ni nini kilichosogea hata ikalazimika kurefushwa hivyo. Swali hilo huwarudisha hatua ya nne, kwa timazi na chaki, na Jumamosi nyingine inapotea.

Nati zenye plastiki ndani, zile za kujishikilia, hubadilishwa kila zinapofunguliwa, kwani plastiki ikishachongwa na uzi mara moja haibani vilevile. Ni senti chache kila moja. Mtu aliyekataa kununua mkono mpya wa sasipensheni hatanyimwa raha ya kuokoa na senti hizi.

Hatua ya nane: Ukaguzi

Waingereza wana kipimo cha mwaka kinachoitwa MOT. Mkaguzi atatikisa magurudumu, atatazama breki, taa, tairi, kutu na boljointi. Hatalaza gari lako sakafuni na kupima mishazari. Ukipita, weka cheti kwenye fremu ya picha, uanze kukitaja kana kwamba ni shahada.

Kipimo kikali zaidi lilishakipita likiwa jipya, kama liliundwa miaka ya karibuni: tangu 2009 magari ya kujiundia hupitia ukaguzi uitwao IVA, ambao pamoja na mengine hutaka ncha za nje zinazoweza kumgusa mtu ziwe na mviringo usiopungua milimita 2.5. Ndiyo maana wajenzi huyavika magari yao mipira kila ukingo kwa ajili ya siku hiyo, na wengine huivua wakifika nyumbani. Serikali ikidai ukali wa ncha upimwe kwa milimita, mwenye gari huitikia. Kupima fremu aliyoivuta kwa mnyororo, hilo anaona ni kumvunjia heshima.

Hatua ya tisa: Kuuza

Baada ya muda utagundua kwamba tairi la mbele la kushoto linaliwa upande wa ndani, kwamba gari hukata kona ya kulia vizuri kuliko ya kushoto, na kwamba breki ikikazwa kwenye mvua nyuma hutaka kutangulia mbele. Wenzako watasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kweli, lakini ni mwanzo mzuri wa tangazo.

Andika: "Linauzwa. Limetunzwa. Liligongwa kidogo zamani, faiba tu, likatengenezwa kitaalamu. MOT ndefu. Mistari ya mashindano." Halina herufi kwenye historia yake, kwa kuwa hatua ya pili uliifuata. Lisugue na nta. Liegeshe upande wenye kivuli, pua ikitazama ukuta. Andaa chai.

Watakuja wengi. Atakayepiga mateke tairi, mkaribishe. Atakayeuliza spidi yake ya juu, mpe kiti. Atakayesifu mstari mweupe, mtajie bei yako ya kwanza bila kupunguza. Ila akitokea mzee asiyesema sana, akakataa chai, akachuchumaa pembeni ya gurudumu la mbele na kutoa mfukoni uzi wenye risasi na kipande cha chaki, mwambie samahani, limeshauzwa.